Wizi wa kurudi nyuma: kisa cha Germany Schaefer, Washington, Agosti 1911

Tarehe 4 Agosti 1911, mjini Washington, timu ya nyumbani ilikuwa inacheza besiboli na White Sox ya Chicago. Ni awamu ya tisa, ya mwisho kwa kawaida, na timu ziko sare. Washington wana wakimbiaji wawili uwanjani. Clyde Milan amesimama besi ya tatu, hatua moja tu kabla ya kufika nyumbani na kufunga. Herman Schaefer, ambaye watu wote walimwita Germany kwa sababu ya asili ya wazazi wake, yuko besi ya kwanza. Schaefer akachomoka kwenda besi ya pili na kufika salama. Muda mfupi baadaye akageuka, akarudi mbio besi ya kwanza. Aliiba besi ambayo alikuwa ameshaipita.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, na Schaefer husimuliwa kama chale. Mimi naona anadhulumiwa. Alikuwa mcheshi kweli, lakini alichokifanya siku ile kilikuwa na hesabu ndani yake, na hesabu yenyewe ni nzuri. Ukiipitia hatua kwa hatua unaona jinsi wachezaji wa kulipwa wa enzi ile walivyokuwa wakiifikiria sanaa ya kuiba besi: kwao mbio za miguu zilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kumlazimisha mpinzani aurushe mpira mahali asipotaka kuurusha.

Kwa aliyezoea soka, mambo machache ya msingi. Uwanja wa besiboli una besi nne zilizopangwa kama mraba uliosimama kwenye pembe yake, na kutoka besi moja hadi nyingine ni futi 90, kama mita 27 na nusu. Mpigaji anaanzia nyumbani, anazunguka kwanza, pili, tatu, na akirudi nyumbani timu yake imepata pointi moja. Mrushaji anasimama katikati, mita 18 na kitu kutoka nyumbani. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji, na huyu ndiye adui mkubwa wa mwizi. Kwa kawaida mkimbiaji husonga mbele mwenzake anapoupiga mpira. Kuiba ni kusonga bila kusubiri pigo: mrushaji anapoanza kurusha, mkimbiaji anakimbia, mdakaji anaudaka mpira na kuurusha kwa nguvu zote kwenye besi inayoibwa. Mpira ukifika kwanza na mkimbiaji akaguswa nao, ametolewa. Timu ikitolewa watu watatu, zamu yake ya kupiga imekwisha.

Sasa weka wakimbiaji wawili, mmoja besi ya kwanza na mwingine ya tatu, ukutane na shambulio lililopendwa sana enzi hizo: wizi wa watu wawili kwa pamoja. Yule wa besi ya kwanza anakimbia kwenda ya pili. Yeye ni chambo. Kutoka nyumbani hadi besi ya pili ni karibu mita 39. Mdakaji akirusha huko, mpira unakwenda mita 39, unadakwa, mlinzi anageuka, na kama yule wa besi ya tatu ameondoka, lazima mpira urudishwe mita 39 nyingine. Ni karibu mita 78 za mpira pamoja na kudaka na kugeuka, dhidi ya mtu anayehitaji kukimbia mita zisizofika 27, kwa kuwa tayari ameshaiacha besi kwa hatua kadhaa. Mtu wa mbio za kawaida anaweza kufunga hapo. Milan mwenyewe hakuwa na mbio za kawaida. Mwaka uliofuata, 1912, aliiba besi 88 na kuongoza Ligi ya American, moja ya ligi kuu mbili za Marekani, na mwaka 1913 akaongoza tena kwa 75.

Kwa hiyo mdakaji ana uchaguzi mchungu. Akirusha besi ya pili, anahatarisha mchezo wote nyumbani. Asiporusha, amempa mpinzani besi ya bure. Na awamu ya tisa ikiwa sare, timu ya nyumbani, ambayo ndiyo hupiga mwisho, ikipata pointi moja tu mechi imekwisha hapo hapo.

Mdakaji wa Chicago siku hiyo alikuwa Fred Payne, na hakuingia mkenge. Aliushika mpira. Schaefer akafika besi ya pili bila kusumbuliwa, na Milan akabaki pale pale alipokuwa.

Jambo moja wengi hulipita haraka: Payne alikuwa amecheza Detroit kuanzia 1906 hadi 1908, na Schaefer alikuwa Detroit kuanzia 1905 hadi 1909. Walikuwa wameishi chumba kimoja cha kubadilishia nguo kwa misimu mitatu. Payne alimjua Schaefer nje ndani. Alijua kwamba mtu huyu akikimbia kwenda besi ya pili huku mwenzake mwenye miguu ya paa yuko ya tatu, hakimbilii besi ya pili. Mdakaji mwingine pengine angerusha kwa mazoea, maana mkono wa mdakaji umefunzwa miaka mingi kurusha mara tu anapomwona mtu anachomoka. Kuuzuia mkono usirushe kunahitaji kumfahamu mtu unayepambana naye.

Naye Schaefer alikuwa mtu wa kuchungulia mianya ya kanuni. Kabla ya fainali ya World Series ya mwaka 1907 kati ya Detroit na Chicago Cubs, wachezaji walikuwa wanagawiwa sehemu ya mapato ya milangoni ya mechi za mwanzo. Schaefer ndiye aliyeuliza: mechi ikiisha sare, mapato yake yanahesabiwaje kwa wachezaji? Swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Na mechi ya kwanza ikaisha sare kweli, 3 kwa 3. Alikuwa mzaliwa wa Chicago, mtoto wa wahamiaji kutoka Ujerumani, mwenye maneno mengi na vituko vingi, lakini ukipekua vituko vyake unakuta mara nyingi vimejengwa juu ya jambo ambalo kanuni zimelisahau. Wala hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Msimu huo wa 1911 alipiga kwa wastani wa .334, yaani kama mapigo safi 334 kwa kila majaribio 1,000.

Basi yuko besi ya pili. Mchezaji wa kawaida angeshukuru. Kitabu cha takwimu kinamhesabia besi ya kuiba, amesogea karibu na nyumbani, kazi nzuri. Schaefer akajiuliza besi ile ya pili ina faida gani kwa timu.

Jibu ni kwamba haikuwa na faida karibu yoyote. Kama timu ingekuwa nyuma kwa pointi mbili, au kama ingekuwa awamu ya tatu, mtu wa besi ya pili ana thamani kubwa kwa sababu pigo moja safi linamfikisha nyumbani. Lakini hapa pointi iliyohitajika ilikuwa moja, na mwenye kuileta ni Milan. Milan akifunga, mechi imekwisha. Schaefer awe besi ya pili, ya kwanza au amekaa kwenye benchi, matokeo ni yale yale. Milan asipofunga, Schaefer hawezi kufunga kabla yake. Kwa hesabu ya pointi, nafasi ya Schaefer ilikuwa sifuri. Alichobaki nacho ni uwezo wa kuwasumbua Chicago, na uwezo huo ulikuwa umekwisha mara tu alipoikanyaga besi ya pili. Chambo kilikuwa kimeshaliwa na ndoana haikushika kitu.

Akiwa besi ya kwanza angeweza kujitupa tena kama chambo. Kwa hiyo kwa timu yake siku ile, besi ya kwanza ilikuwa na thamani kuliko ya pili. Ukishalikubali hilo, kurudi nyuma si wazimu. Ni hatua ya mbele iliyoelekea upande mwingine.

Kulikuwa na gharama, na ni haki kuitaja. Mtu akiwa besi ya kwanza, mpigaji akiupiga mpira chini, analazimika kwenda ya pili kumpisha mwenzake, na walinzi wanaweza kumtoa kwa kuikanyaga tu besi bila kumgusa. Akiwa ya pili huku ya kwanza iko tupu, ulazima huo haupo. Kwa hiyo kwa kurudi, Schaefer aliwapa Chicago njia moja rahisi zaidi ya kumtoa mtu. Lakini fikiria: Chicago wenyewe wangeweza kuitengeneza hali hiyo wakati wowote, kwa kumpa mpigaji besi ya kwanza bure makusudi, jambo ambalo timu hufanya sana katika hali kama ile. Gharama aliyoilipa Schaefer ni ile ambayo mpinzani angeweza kumtoza hata angebaki alipokuwa.

Na kuna suala la mrushaji. Chicago walikuwa na Doc White, mzaliwa wa Washington huyo huyo, aliyesomea udaktari wa meno, na mmoja wa warushaji bora wa miaka ile. Mwaka 1904 alishinda mechi tano mfululizo bila kuruhusu pointi hata moja. White alirusha kwa mkono wa kushoto. Mrushaji wa kushoto akishajiweka tayari, uso wake unatazama besi ya kwanza na mgongo wake uko upande wa besi ya tatu. Maana yake ni kwamba kitendo chochote cha besi ya kwanza kinamjaa machoni, na cha besi ya tatu kinafanyika nyuma yake. Mwenye kutaka kumvuta White amsahau Milan hapati jukwaa zuri kuliko besi ya kwanza. Schaefer akiwa ya pili, White anaweza kumpuuza kabisa. Akiwa ya kwanza, anamcheza mbele ya pua. Sijui kama Schaefer aliliweka hilo kwenye hesabu yake kwa maneno. Lakini wachezaji wa enzi ile walifahamu mrushaji anatazama wapi kama mvuvi anavyoufahamu upepo.

Akaanza kujivuta kutoka besi ya pili, lakini upande wa kwanza. Kila mkimbiaji hujivuta kuelekea mbele, huyu alijivuta kuelekea nyuma. Kisha akakimbia. Chicago hawakuwa na zoezi lolote la kuzuia kitu hicho, kwa sababu hakuna anayefundisha walinzi kuzuia mtu asirudi alikotoka. Akafika besi ya kwanza salama.

Hapo kocha wa Chicago, Hugh Duffy, akatoka kwenye benchi na kuingia uwanjani kulalamika. Duffy hakuwa mtu mdogo. Mwaka 1894 alipiga kwa wastani wa .440, kiwango ambacho hakuna aliyekifikia tena katika ligi za National na American. Alikuwa amelelewa na besiboli ya karne ya kumi na tisa, besiboli ya vurugu na hila, na bado hili lilimshinda.

Wakati Duffy anabishana, Schaefer akachomoka tena kwenda besi ya pili. Ndicho alichorudi kukifanya. Safari hii mpira ulimfuata, akabanwa katikati ya besi mbili, walinzi huku na walinzi kule. Kwa mpangilio wa hila yenyewe, hiyo ndiyo hali iliyotakiwa: mpira uko mbali na nyumbani, walinzi wanamkimbiza mtu asiye na thamani, na Milan yuko besi ya tatu. Milan akakimbia nyumbani. Mpira ukarushwa nyumbani, na Milan akatolewa.

Yaani hila ilishindwa. Napenda hilo lisemwe wazi, kwa sababu simulizi nyingi hulifunika. Ila ukiangalia ni wapi iliposhindwa, unaona haikushindwa kwenye ile sehemu watu wanayoicheka. Kurudi besi ya kwanza kulifanikiwa. Kuwalazimisha Chicago warushe mpira, jambo ambalo Payne alilikataa mara ya kwanza, kulifanikiwa. Kilichokwama ni mbio za mwisho, zile ambazo katika kila wizi wa watu wawili ndizo ngumu: mtu wa besi ya tatu anatakiwa aondoke wakati mpira uko mikononi mwa mlinzi aliye mbali kabisa na nyumbani na aliyegeuza mgongo. Akiondoka mapema mno, mpira unarudi mbele yake. Akichelewa, mwenzake ameshaguswa. Kosa la hatua mbili tatu linatosha, hata kwa mtu wa mbio kama Milan.

Washington nao wakawa na malalamiko yao. Walisema Chicago walikuwa na watu kumi uwanjani, kwa sababu Duffy alikuwa bado amesimama ndani wakati mchezo unaendelea. Hoja hiyo haikukubaliwa. Mimi naiona hoja nzito kuliko inavyochukuliwa. Katika soka, kocha akiingia katikati ya uwanja mpira ukiwa unachezwa, hakuna mwamuzi atakayesema endeleeni. Duffy hakuugusa mpira wala kumzuia mtu, hilo ni kweli. Lakini alikuwa ameingia kupinga mchezo ambao mwamuzi hakuusimamisha, na kama mchezo haukusimamishwa, basi yeye hakuwa na ruhusa ya kuwa pale. Na kama ulisimamishwa, basi Schaefer na Milan hawakupaswa kutolewa wala kuendelea, na kila mtu angerudi kwenye besi yake. Mwamuzi hawezi kuyashika yote mawili. Hata hivyo mzozo ulijifia wenyewe: mechi ikaingia awamu za ziada na Washington wakashinda.

Ili kuielewa akili iliyozaa hila hii inabidi kuitazama besiboli ya kulipwa ilikotoka. Takwimu rasmi za besi za kuiba zilianza kuandikwa mwaka 1886. Kwa zaidi ya miaka kumi ya mwanzo, mkimbiaji alihesabiwa kuiba hata pale alipochukua besi ya nyongeza kwa ujasiri mwenzake alipoupiga mpira, kwa mfano kutoka ya kwanza hadi ya tatu kwa pigo ambalo wengi wangeishia ya pili. Ndiyo maana idadi za miaka ile zinatisha. Mwaka 1887 Hugh Nicol wa Cincinnati aliandikiwa besi 138. Mwaka huo huo timu ya St. Louis Browns peke yake ilikusanya 581. Arlie Latham alikuwa na 129, na kiongozi wao, Charles Comiskey, 117. Kanuni ya kuhesabu kwa namna tunayoijua leo ilikuja mwaka 1898, na tangu hapo idadi hizo haziwezi kuwekwa mezani moja na za akina Rickey Henderson na 130 zake za mwaka 1982.

Wengine hulichukua hilo kuwa sababu ya kuzipuuza zile za zamani. Mimi naona zinatuambia jambo la maana: kwa watu wa 1887, kuiba besi ilikuwa jina la tabia nzima ya kuchukua mbele zaidi ya ulichopewa. Mara nyingi mwamuzi alikuwa mmoja tu uwanjani, na macho yake mawili hayakutosha. King Kelly, nyota mkubwa wa miaka ya 1880, alijulikana kwa kukata njia ya mkato katikati ya uwanja bila kukanyaga besi ya tatu wakati mwamuzi anautazama mpira. Walinzi nao walijibu kwa mikono yao: John McGraw, alipokuwa mlinzi wa besi ya tatu Baltimore katika miaka ya 1890, alisifika kwa kuwashika wakimbiaji mkanda ili wachelewe kuondoka. Huyo McGraw ndiye aliyekuwa kocha wa New York Giants mwaka 1911, na msimu ule ule wa Schaefer na Payne, Giants waliiba besi 347, idadi ambayo hakuna timu iliyoifikia tangu hapo.

Comiskey naye hakuwa mbali na kisa chetu. Mwaka 1911 alikuwa mmiliki wa White Sox. Timu iliyofanyiwa wizi wa kurudi nyuma ilikuwa mali ya mmoja wa wezi wakubwa wa 1887.

Enzi hiyo mpira wenyewe ulikuwa mzito kuruka. Kupiga mpira ukavuka uzio lilikuwa tukio la nadra, mechi nyingi ziliamuliwa kwa pointi moja au mbili, na pointi hiyo ilisakwa besi kwa besi. Mwaka 1908 Ligi ya American nzima ilipiga kwa wastani wa .239. Ni kweli kwamba 1911 mambo yalikuwa yameanza kubadilika kwa mpira mpya wenye kiini cha koki, na Ty Cobb alipiga .420 mwaka huo, lakini vichwa vya wachezaji vilikuwa bado vile vya njaa. Cobb huyo huyo aliiba besi 83 msimu ule, na katika maisha yake yote aliiba nyumbani mara 54. Katika mazingira hayo mchezaji anayekaa besi ya pili bila kufikiria namna ya kuuvuta mpira kutoka mkononi mwa mdakaji alikuwa anapoteza nafasi.

Wala Schaefer hakuwa wa kwanza. Mwaka 1902 Harry Davis wa Philadelphia Athletics alifanya hivyo hivyo dhidi ya Detroit, Dave Fultz akiwa besi ya tatu. Davis alienda ya pili, akarudi ya kwanza, akaenda tena ya pili, mpira ukarushwa, na Fultz akafunga. Hila ile ile, mdakaji mwingine, matokeo kinyume. Hilo peke yake linatosha kumjibu anayesema Schaefer alikuwa anafanya maigizo: kuna aliyeitumia kabla yake na ikaleta pointi.

Kuna pia simulizi maarufu kuliko zote, ya Davy Jones, mchezaji mwenza wa Schaefer kule Detroit. Akiwa mzee, katika miaka ya 1960, Jones alieleza kwamba yeye ndiye aliyekuwa besi ya tatu, kwamba ilikuwa dhidi ya Cleveland, kwamba Schaefer alipiga kelele wajaribu tena, akarudi ya kwanza, akaiba tena ya pili, mdakaji akarusha, na Jones akafunga. Ni simulizi tamu, na ndiyo iliyomfanya Schaefer akumbukwe. Tatizo ni kwamba waliopekua magazeti ya wakati ule hawajaikuta mechi hiyo. Ya Washington 1911 ndiyo yenye ushahidi wa siku ile ile. Nadhani Jones hakusema uongo; miaka zaidi ya hamsini ilikuwa imepita, na kumbukumbu ya mchezaji huikamilisha kazi ambayo uwanja haukuikamilisha. Lakini mchambuzi inabidi achague, na mimi nachagua ile ambayo Milan alitolewa, kwa sababu ndiyo inayotufundisha ugumu wa jambo lenyewe.

Schaefer hakuishi kuiona hadithi yake ikikua. Alifariki mwezi Mei 1919, huko Saranac Lake katika jimbo la New York, mji ambao wagonjwa wa kifua walipelekwa kutafuta hewa safi.

Kanuni zilikuja baadaye kuufunga mlango, na zimeufunga kwa makomeo mawili. La kwanza linasema mkimbiaji akishaimiliki besi kihalali, kisha akakimbia kurudi nyuma kwa nia ya kuwachanganya walinzi au kuufanyia mchezo dhihaka, ametolewa. La pili ni kavu zaidi na, kwa maoni yangu, ndilo bora: mrushaji akishachukua nafasi yake ya kurusha, mkimbiaji hawezi kuirudia besi aliyoiacha. Hili la pili nalikubali bila ubishi. Mchezo unahitaji kuwa na upande mmoja wa kwenda, la sivyo mtu angeweza kwenda na kurudi mchana kutwa hadi mdakaji achoke. Lile la kwanza ndilo linalonikera. Linapima nia ya moyo, na linaweka kuchanganya walinzi kwenye kapu moja na dhihaka. Kuwachanganya walinzi ndiyo kazi ya mkimbiaji. Kila anayejivuta hatua mbili kutoka besi anawachanganya walinzi. Wizi wa watu wawili wenyewe, ambao ni halali hadi leo, hauna kingine zaidi ya hicho.

Makomeo hayo yalijaribiwa tarehe 19 Aprili 2013, mjini Milwaukee, Brewers wakicheza na Chicago Cubs. Jean Segura aliiba besi ya pili, kisha akataka kwenda ya tatu akabanwa katikati. Katika purukushani ile mwenzake Ryan Braun akafika besi ya pili, wakajikuta wawili kwenye besi moja. Aliyetolewa alikuwa Braun, lakini Segura akadhani ni yeye, akaanza kutembea kuelekea kwenye benchi la timu yake, ambalo liko upande wa besi ya kwanza, na kocha wa besi ya kwanza akamwambia abaki pale. Akabaki. Waamuzi wakaruhusu, kwa sababu hakuwa na nia ya kumchanganya yeyote. Aliyechanganyikiwa alikuwa yeye. Baadaye kidogo, katika awamu hiyo hiyo, alijaribu kuiba tena besi ya pili akatolewa. Kwa hiyo komeo lile la kwanza linamwacha mtu anayerudi besi ya kwanza kwa kukosea, na lingemtoa Schaefer, aliyejua hasa kwa nini anarudi.